Alama ya Unyayoni: Ikatwe au Iachwe?

Hoja: Kila alama ya ngozi inayobadilika ipelekwe kupimwa, hata kama haiumi.

MUUGUZI: Naiunga mkono hoja, na naanzia miguuni. Wengi wetu tukisikia saratani ya ngozi tunawafikiria Wazungu waliojianika ufukweni. Ni kweli wao huugua zaidi. Lakini melanoma, ile saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake, ikimpata mtu mweusi mara nyingi humpata unyayoni, kiganjani au chini ya kucha. Jua halifiki huko, na macho yetu pia hayafiki. Mtu anakijua kidoti cha shavuni mwake tangu utotoni, lakini muulize kisigino chake cha kushoto kina nini, hana jibu.

MKULIMA: Binti yangu, unyayo wa mtu wa Kashozi una kila kitu. Una mwiba wa juzi, una kovu la jembe, una shimo alilochimba funza. Mimi naingia kwenye migomba na mibuni tangu sijaanza shule. Ukisema kila doa la unyayoni lipelekwe kupimwa, basi chukua kijiji kizima ukipeleke Bukoba mjini, halafu uniambie kahawa itachumwa na nani.

MUUGUZI: Hoja haikusema kila doa, mzee wangu. Imesema linalobadilika. Funza unamjua kuliko mimi: uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati, unawasha, mara nyingi umejibana kando ya kucha. Hata usipomtoa, hufa mwenyewe baada ya wiki chache na ngozi ikajirudi. Doa lililomaliza miezi miwili na bado lipo, au limetanuka, si funza tena. Damu iliyovilia chini ya kucha baada ya kujikwaa nayo ina tabia yake: inasogea mbele kadiri kucha inavyoota, mpaka unaikata pamoja na kucha. Kama kucha inasonga na weusi umeganda palepale, kuna kitu kinachotia rangi kutoka kwenye shina la kucha.

MGANGA WA MITISHAMBA: Mistari myeusi kwenye kucha? Dada, nusu ya wazee wanaokuja kwangu wanayo. Baba yangu alizikwa na mistari kumi, na aliuawa na shinikizo la damu. Ukianza kuwatisha wazee kwa kucha zao, utajaza foleni ya watu wazima wenye afya.

MUUGUZI: Mistari kumi kwenye kucha kumi haimtishi mtu. Kwa watu weusi ni jambo la kawaida, na huongezeka na umri. Mimi naogopa mstari mmoja kwenye kucha moja, hasa ya kidole gumba, cha mkono au cha mguu, ulioanza ukubwani, unaopanuka kupita milimita 3, au ambao rangi yake imevuka kucha ikamwagikia ngozi ya pembeni. Na vile vinyama vyeusi vidogo vinavyowatoka watu wazima mashavuni, vingi kama mbegu, tena vya ukoo, hivyo tuviache. Vidoti vinavyoota utotoni na ujanani, mtu akazeeka navyo vikiwa vilevile, tuviache pia. Ninachowaomba ni mtu ajue alichonacho, ili kitakapobadilika ajue kimebadilika.

MKULIMA: Kuangalia sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kisu. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, mabwana shamba wenyewe walitufundisha kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa likigusa mzima, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Tukawa tunachoma mapanga motoni au kuyasafisha kwa jiki kila tunapohama shina. Leo mnataka kukata alama yenye ugonjwa kwenye mguu ulio hai, wenye damu inayotembea mwili mzima. Hapa kila ukoo una mtu aliyekatwa uvimbe, akarudi nyumbani na matezi kinenani, akafa kabla ya msimu mwingine wa kahawa. Kisu kiliuamsha.

MUUGUZI: Mnyauko ni bakteria, na bakteria hupanda panga kama abiria. Saratani ni chembe za mwili wako mwenyewe zilizokataa amri, nazo husafiri zenyewe kwa damu na kwa mishipa ya matezi, kisu kiwepo kisiwepo. Huyo aliyerudi na matezi kinenani, ugonjwa ulikuwa umeshapiga kambi kabla hajalala kwenye meza ya upasuaji. Sisi tukakilaumu kisu kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho tulichokiona. Halafu, mzee wangu, mbona somo la mabwana shamba umelikata katikati? Walisema pia kwamba mgomba ulioonyesha dalili uondolewe upesi, kabla ugonjwa haujahamia kwa jirani.

MKULIMA: Tuliuondoa. Na bado mashamba ya watu yalikwisha.

MUUGUZI: Ya waliosubiri.

MKULIMA: Hata ya waliowahi, wewe nshomile, msomi wetu. Usinifundishe shamba langu.

MGANGA WA MITISHAMBA: Na si wakulima peke yao. Bob Marley alikuwa na pesa na madaktari wa Miami. Alikuwa na alama chini ya kucha ya kidole cha mguu, wakamkata, na mwaka 1981 akafa akiwa na miaka 36. Kama kisu cha Miami hakikumwokoa, kisu cha Bukoba kitamwokoa nani?

MUUGUZI: Mfano huo nilikuwa nausubiri. Alama ile ilipogunduliwa mwaka 1977 wengi waliidhani jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kiondolewe, akakataa kwa imani yake. Wakatoa kucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi, naye akarudi jukwaani. Septemba 1980 alianguka akikimbia mazoezi New York, na vipimo vikaonyesha saratani imefika kichwani. Hakuuawa na kisu. Alikatwa kidogo kuliko alivyoshauriwa.

MGANGA WA MITISHAMBA: Una hakika kwamba kidole kizima kingemponya?

MUUGUZI: Hakuna mkweli atakayekuapia hilo. Ninachojua ni kwamba melanoma iliyo nyembamba, bado juu juu ya ngozi, ikikatwa yote pamoja na ukingo wa ngozi nzima, wagonjwa wengi hupona. Ikishazama na kufika kwenye matezi, hesabu hubadilika.

MKULIMA: Basi tuzungumze hesabu. Mimi nimo kwenye kamati ya kituo chetu cha afya, na huwa nauliza fedha inakwenda wapi. Ugonjwa huu unaotaka tuuhubiri, unawapata wangapi?

MUUGUZI: Ni wachache, na sitakuficha. Marekani, ambako wanahesabu kila mgonjwa, melanoma mpya kwa watu weusi ni kama mtu 1 katika kila watu 100,000 kwa mwaka.

MKULIMA: Mtu 1! Na sisi tuna malaria inayolaza watoto kila masika. Mwaka 2023 Marburg iliingia hapahapa wilayani kwetu ikaua watu. Kina mama wanahitaji damu wakati wa kujifungua. Nikisimama kwenye kamati nikasema tununue fomalini ya kuhifadhia vinyama vya unyayo kabla ya dawa mseto, wataniuliza kama nimelogwa.

MUUGUZI: Hukohuko Marekani, weupe wakigunduliwa na melanoma, zaidi ya 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka 5. Weusi ni kama 70. Ugonjwa ni mchache kwao, lakini unaua zaidi kwa kuwa unakutwa umechelewa, na unachelewa kwa kuwa mgonjwa na daktari wote wameaminishwa kwamba hauwahusu. Fedha ya kampeni sijaomba, mzee wangu. Kuosha miguu jioni na kuikagua mlangoni kungali na mwanga hakuhitaji bajeti. Kioo kidogo kinatosha, au mjukuu mwenye macho mazuri.

MAMA WA MTOTO MWENYE UALBINO: Naomba niingilie, maana mmekwenda mbali na mtoto wangu hayumo. Mama muuguzi, umefungua kwa kusema jua halifiki unyayoni. Watu wataondoka hapa na neno moja tu: jua halihusiki. Neno hilo litamuua mwanangu. Kwake jua ndiyo habari yote. Saratani yake haitaanzia kisiginoni, itaanzia mdomoni, sikioni, shingoni, mgongoni mwa mkono. Itaanza kama gamba linalorudi kila likibanduka, au kidonda kinachojifunga na kujifungua.

MUUGUZI: Mama, umenisahihisha mbele ya watu, na una haki. Kwa mwenye ualbino, kidonda kisichofunga ndani ya mwezi kinatosha kumleta. Wengi hupata saratani wakiwa vijana wa miaka 20 na 30, kwa mionzi iliyoanza kujilimbikiza tangu utotoni.

MAMA WA MTOTO MWENYE UALBINO: Na msinidanganye na mawingu ya Bukoba. Mvua ya huku inawafanya watu waseme mtoto acheze nje, hakuna jua. Mionzi inapita mawinguni, mwanangu anarudi shingo imeiva. Kofia ya ukingo mpana nashona mwenyewe, shati la mikono mirefu ninalo. Kuna mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Yakifika, yanagawiwa, yanaisha. Nikisikia siku ya kliniki, napiga hesabu nyingine ambayo nyinyi hamuipigi. Mei 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa Muleba mikononi mwa mama yake, na Juni akapatikana ameuawa. Mnaniambia nimpandishe wangu kwenye boda, tukae stendi na kwenye foleni, kila mtu amtazame. Kila safari ya kumkinga na saratani ni safari ya kumwonyesha kwa watu.

MGANGA WA MITISHAMBA: Dada yangu, kabla hujanigeukia, mimi nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili. Wapiga ramli chonganishi serikali iliwapiga marufuku mwaka 2015, na mimi si mmoja wao.

MAMA WA MTOTO MWENYE UALBINO: Cheti chako sijakiuliza. Nimekwambia ninachoogopa, na ukweli ni kwamba hata kibao cha mlangoni kwako kinaniogopesha. Kama unataka nikuamini, siku nikija na kidonda cha mwanangu usinipe dawa. Niandikie karatasi niende hospitali, na uniambie wazi kwamba wewe huwezi.

MGANGA WA MITISHAMBA: Niandike karatasi, aipokee nani? Hapo ndipo nyinyi wa hospitali mnajifanya hamsikii. Mtu anakuja kwangu jioni, kofia imeshuka usoni, anavua kiatu baada ya kufunga mlango. Kwa nini? Kwa sababu Kagera hii weusi mguuni una historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walionekana Ndolage, Muleba, mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la shati la magendo kutoka Uganda, na waliotokwa na mabaka meusi mwilini walinyooshewa vidole mpaka wakaingia kaburini. Kizazi kile kilifundishwa kuficha mguu. Leo unawaita wauanike kwenye benchi la kituo, ambako mpokezi ni shemeji na mfagizi ni jirani?

MUUGUZI: Historia hiyo nimelelewa nayo. Na ndiyo maana naogopa zaidi mlango uliofungwa. Mabaka hayo meusi, ya saratani ya Kaposi, yanaweza kurudi nyuma mtu akianza dawa za ARV mapema, na dawa hizo ni za bure. Kumbe aliyekuja kwako jioni alikuwa na baka linalotibika kwa vidonge, wewe ukampaka nini?

MGANGA WA MITISHAMBA: Inategemea.

MUUGUZI: Haitegemei. Ukipaka dawa ya kuunguza, juu panakauka na kuwa gamba safi, mgonjwa anakushukuru. Chini saratani inaendelea kushuka, na mimi nikimpokea baada ya mwaka sina alama ya kupima, nina kovu. Umeharibu ushahidi.

MGANGA WA MITISHAMBA: Ushahidi! Mgonjwa wangu mmoja alikatwa kidoti kwenye zahanati, sitaitaja. Sindano ya ganzi, mkasi, nyuzi mbili. Akauliza kinyama kimekwenda wapi. Akaonyeshwa ndoo ya taka. Mimi nikiunguza ni mshenzi, nyinyi mkitupa ni wataalamu?

MUUGUZI: Kama ndivyo ilivyokuwa, ni kosa lilelile. Kinyama chochote kinachokatwa kwa wasiwasi kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, kiandikwe jina, kipelekwe maabara ya patholojia. Kukata bila kupima ni kuchana bahasha bila kusoma barua.

MKULIMA: Sasa tumefika kwenye mfupa. Hiyo patholojia iko wapi? Kadi yangu ya bima ya CHF iliyoboreshwa nimekuwa nikiilipia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita wa nyumba yangu, na ngazi yake ya mwisho ni hospitali ya mkoa. Daktari wa mkoa akisema hospitali ya Bugando, kadi imeishia gatini Bukoba. Kuanzia hapo ni mfuko wangu: meli ya usiku mpaka Mwanza, au basi la siku nzima kuzunguka ziwa, na pa kulala, na mtu wa kunisindikiza. Wakiniambia saratani imetambaa, kuna hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mtu wa migomba ekari moja anauza kipi kwanza, ng'ombe au shamba?

MUUGUZI: Ndiyo sababu nasema wahi. Kipande kidogo kinakatwa Bukoba, na kinachosafiri kwenda Mwanza ni kichupa. Ukichelewa, utasafiri wewe.

MKULIMA: Maneno matamu. Lakini kichupa kikienda hakina mguu wa kurudi. Jibu linachukua wiki ngapi? Kuna watu walipigwa kalenda mpaka wakaacha kuuliza.

MUUGUZI: Hilo siwezi kulitetea.

MAMA WA MTOTO MWENYE UALBINO: Afadhali umesema. Lakini mzee wangu, tangu tumeanza unazungumza kama mtu anayetetea mguu wake mwenyewe. Una nini?

MKULIMA: Mimi? Nina kitu kisiginoni, lakini si cha kuitia watu kelele.

MUUGUZI: Kina muda gani?

MKULIMA: Kilianza kabla ya msimu wa kahawa wa mwaka juzi. Nilikiita mwiba. Nikachokonoa kwa sindano, hakukuwa na mwiba.

MUUGUZI: Kinafananaje?

MKULIMA: Upande mmoja ni mweusi kabisa, upande mwingine kahawia, kama chai iliyomwagika. Ukingo hauna mviringo, umechongoka. Zamani nilikifunika kwa ncha ya kidole cha mwisho, sasa kinachungulia pembeni. Nikivaa mabuti siku nzima, soksi inashika damu kidogo. Lakini hakiumi! Ndiyo maana nasema.

MUUGUZI: Mzee wangu, kutouma si dhamana. Kwa alama za mguu huwa tunauliza mambo matano. Ina rangi isiyo na sababu? Hakuna anayejua kwa hakika ni nini? Inatoa damu au majimaji? Inakua? Imekataa kupona kwa miezi miwili? Mawili yakijibiwa ndiyo, mtu anapewa rufaa. Wewe umejibu matano kwa kinywa chako.

MGANGA WA MITISHAMBA: Kwa hiyo umeshamhukumu.

MUUGUZI: Sijamhukumu. Alama nyingi zinazokatwa zinarudi na jibu jema. Kuna sugu zilizovilia damu, kuna chunjua za unyayo, kuna vidoti vya kawaida vilivyokaa mahali pabaya. Kwa macho siwezi kumtofautishia, na wewe kwa mizizi huwezi.

MGANGA WA MITISHAMBA: Hapo sikubishii. Angekuja kwangu na alama hiyo ningempaka dawa, na sasa nimesikia kilicho chini yake. Lakini nami niambie: nikimwandikia karatasi leo, kesho mtaipokea, au mtamcheka ametoka kwa mganga?

MUUGUZI: Kwa zamu yangu itapokelewa. Kwa zamu za wenzangu, nitalifikisha kikaoni.

MKULIMA: Nami nina masharti. La kwanza, anayekata aniambie kabla ya ganzi kama anatoa kipande au anatoa yote, na kwa nini. La pili, kinyama kiwekwe kwenye kichupa mbele ya macho yangu, jina langu juu yake. La tatu, nipewe tarehe ya jibu. Siku, mwezi, na namba ya simu ya kuuliza.

MUUGUZI: La kwanza na la pili ni haki yako, hukutakiwa hata kuyaomba. La tatu siwezi kuliahidi. Maabara si yangu.

MAMA WA MTOTO MWENYE UALBINO: Basi hoja irekebishwe. Iandikwe: kila alama inayobadilika ipelekwe kupimwa, na anayepima afungwe na tarehe ya kujibu. Iongezwe na kliniki ya ngozi inayowafuata wenye ualbino vijijini, wasisubiriwe stendi.

MKULIMA: Marekebisho nayaunga mkono. Yakipita, nitakwenda.

MUUGUZI: Yakipita? Kamati yenu inakaa mara ngapi kwa mwaka, mzee wangu? Kitu hicho kisiginoni hakisomi mihutasari.

MKULIMA: Na mimi nikienda kabla ya marekebisho, nani atayadai tena? Mkishapata miguu yetu, tarehe mtaisahau.

MUUGUZI: Nenda kwanza, tudai wote wawili ukiwa umeshonwa.

MKULIMA: Andika karatasi ya rufaa. Kuiandika si kwenda, lakini iandike.